Kutundikiwa damu maana yake nini?

Pita wodi ya watoto huku Uganda, iwe Arua, Bundibugyo au Busia, hukosi kusikia mama akimpigia simu mumewe: "Mtoto ametundikiwa damu." Vitabu vya uuguzi husema kuongezewa damu, na ndilo neno lililo sahihi zaidi. Lakini wodini ni kutundikiwa, kwa sababu kinachoonekana ni mfuko mwekundu ukining'inia kwenye stendi. Neno hilo nalipenda, nalitumia kila siku, ila linadanganya kidogo. Linamfanya mtu adhani kazi ni kutundika. Kutundika ni dakika moja. Kazi yenyewe ni kumlinda mgonjwa saa zote mfuko ukiwa juu, na kazi hiyo ni ya nesi.

Kwa maana yake ya msingi, kuongezewa damu ni kuingiza kwenye mshipa wa mgonjwa damu iliyotoka kwa mtu mwingine. Inaweza kuwa damu nzima, au sehemu tu: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, au utegili, yale maji ya manjano ambamo chembe huelea. Kwetu Uganda wanaoihitaji sana ni watoto waliomalizwa damu na malaria, akina mama waliotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, wagonjwa wa selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu hujikunja kama mundu), na majeruhi wa barabarani, hasa wa bodaboda.

Damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Hukusanywa na Huduma ya Damu ya Uganda, ambayo benki yake kuu iko Nakasero, Kampala, na benki za mikoa ziko Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, Fort Portal na Kitovu upande wa Masaka. Wanaoitoa ni wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na wengi wao ni wanafunzi. Ndiyo maana shule zikifungwa likizo ndefu, friji za damu huanza kuonyesha sakafu. Kila mfuko hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kupelekwa hospitali. Baba anapokuja mbio akikunja mkono wa shati, "Sista, chukueni yangu, huyu ni damu yangu mwenyewe," nia yake ni njema, lakini undugu si kipimo. Baba na mwana wanaweza kuwa na makundi yasiyopatana kabisa.

Makundi hayo tuliyajua mwaka 1901, Karl Landsteiner alipoonyesha huko Vienna kwamba damu za watu si moja. Chembe nyekundu za mtu wa kundi A zina alama A, za kundi B zina alama B, za AB zina zote mbili, na za O hazina hata moja. Sasa hapa ndipo penye hatari: mwili hubeba kingamwili, yaani askari wake, dhidi ya alama usiyokuwa nayo. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B, hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani mwake. Mpe damu ya kundi A, na kingamwili zake zitazivamia chembe hizo na kuzipasua mle mle mshipani. Rangi nyekundu iliyokuwa ndani ya chembe humwagika, hupita kwenye figo, na figo zinaweza kufa. Hakuhitajiki mfuko mzima, mililita chache zinatosha kuanzisha balaa.

Maabara hupima kundi, kisha huchanganya tone la damu ya mgonjwa na la mfuko kuona kama vinapatana. Lakini maabara haimwoni mgonjwa. Makosa mabaya ya damu mara nyingi hayatoki kwenye kipimo, hutoka kitandani: sampuli imeandikwa jina la jirani, au mfuko sahihi umepelekwa kwa mtu mwingine. Fikiria wodi ya watoto wa Kiganda. Kila Kato ni pacha mdogo, kila Wasswa ni pacha mkubwa, na siku ya msongamano unaweza kuwa na Kato watatu, wawili kitanda kimoja. Kwa Waislamu ni Hassan na Hussein. Jina peke yake halimtambulishi mtu. Ndiyo sababu nesi hawezi kutundika damu peke yake: wawili husimama kando ya kitanda, mmoja anasoma mfuko kwa sauti, mwingine anasoma faili. Jina, namba ya mgonjwa, kundi, namba ya mfuko, tarehe ya kuisha. Wanautazama mfuko wenyewe pia: umevuja? Una mabonge? Rangi imegeuka kuwa ya zambarau au nyeusi? Ukiwa hivyo unarudi maabara.

Na swali huulizwa kwa namna yake. Usimwambie mgonjwa, "Wewe ndiwe Hussein?" Mtu mwenye homa kali hujibu "ndiyo" kwa lolote. Sema, "Jina lako nani?" halafu nyamaza. Kwa mtoto, muulize mama. Ikiwa mama anajua Kiswahili cha sokoni tu na wewe hujui Kilugbara, tafuta wa kukutafsiria, usibahatishe kwa ishara za mikono.

Kabla ya mfuko kupanda, nesi huandika joto, mapigo ya moyo, upumuaji na presha. Hii siyo karatasi ya kumridhisha msimamizi. Bila namba hizo za mwanzo, baada ya robo saa hutajua kama homa ya nyuzi 38.5 imeletwa na damu au ilikuwapo tangu asubuhi. Kuna swali moja zaidi ambalo naliona muhimu kuliko yote mashariki mwa nchi, maeneo ya Mbale na Soroti: "Mkojo wake leo ulikuwa rangi gani?" Huko watoto wengi wenye malaria hufika tayari wakikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea au kama soda nyeusi, kwa sababu chembe zao zinapasuka zenyewe. Mkojo mweusi ni dalili vilevile ya damu isiyopatana. Usipouliza mapema, saa mbili baadaye utashika chupa ya mkojo mkononi usijue unamlaumu nani, malaria au mfuko.

Damu hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 6 za joto. Ikitolewa, ianze kuingia ndani ya nusu saa na iishe ndani ya saa nne, kwani joto la wodi ni karamu kwa vijidudu. Nimeona watu wakiuchovya mfuko kwenye beseni la maji ya moto "usimpige mtoto baridi", au kuukumbatia kwapani. Huruma hiyo inaua chembe na kulisha bakteria. Mpira wake wa kupitishia damu pia ni wa pekee, una kichujio ndani cha kunasa mabonge, na hakuna kinachochanganywa nayo ila maji ya chumvi ya dripu. Maji ya glukosi huzipasua chembe.

Sasa tufike kwenye dakika 15 za kwanza, ambazo kwangu ndizo maana halisi ya neno hili. Damu huanzishwa polepole, na nesi haondoki. Anamtazama mgonjwa usoni, hautazami mfuko. Athari kali nyingi hujitokeza mapema: kutetemeka, homa ya ghafla, maumivu ya kiuno au kifua, kuhema, upele wa kuwasha, au wasiwasi usio na sababu. Mtu mzima akikushika mkono na kusema, "Sista, najisikia vibaya, sijui ni nini," usimtulize kwa maneno. Funga damu kwanza. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kusema, tazama: ameanza kulia ovyo? Mapigo yamekimbia?

Ukishafunga, usichomoe kanula, kile kijimrija kilichomo mshipani, huenda ndiyo njia pekee ya dawa uliyo nayo. Badilisha mpira wote, weka mpya wenye maji ya chumvi, mwite daktari, na usome upya jina la mgonjwa dhidi ya mfuko. Mfuko na mpira wake hurudi maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo. Mara nyingi itakuwa ni homa ndogo tu au mzio mwepesi wa ngozi. Lakini hilo hulijui mpaka uangalie.

Robo saa ikipita salama, kasi huongezwa, na hapo nesi anakuwa mhasibu wa matone. Chukua mtoto wa kilo 10 anayepewa damu nzima mililita 20 kwa kila kilo. Hizo ni mililita 200. Kwa saa nne, ni mililita 50 kila saa. Mpira unaotoa matone 20 kwa mililita utahitaji kama matone 17 kwa dakika. Unasimama na saa mkononi, unahesabu, unasogeza kile kigurudumu cha plastiki, unahesabu tena. Geuka kidogo, na mama aliyekesha siku mbili atakifungua kigurudumu. "Sista, ilikuwa inaenda kama imechoka." Simlaumu, ila lazima aambiwe tangu mwanzo: damu ikiingia kwa kasi huuzidia moyo nguvu, maji hujaa mapafuni, na mtoto aliyekuwa anapona anaanza kukoroma. Mtoto mwenye utapiamlo yuko hatarini zaidi.

Je, kila mwenye damu ndogo atundikiwe? Utafiti mkubwa ulioitwa TRACT, uliofanyika hospitali za Mulago jijini Kampala, Mbale, Soroti na Blantyre huko Malawi, na kuchapishwa mwaka 2019, uliligusa swali hilo. Watoto wenye himoglobini (ile rangi nyekundu ya chembe inayobeba oksijeni) kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita ambao hawakuwa na dalili za hatari walipewa damu papo hapo au wakangojwa. Vifo havikutofautiana. Lakini wengi huisikia habari hii nusu. Waliongojwa hawakuachwa: walipimwa tena na tena, na karibu nusu yao hatimaye waliongezewa damu. Kungoja kwenye karatasi hakuna gharama. Wodini ni nesi anayerudi kitandani usiku kupima.

Wagonjwa wa selimundu wana hesabu yao tofauti. Uganda ina wengi. Tangu mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper waliandika jinsi vinasaba vyake vilivyo vingi kwa kabila la Waamba wa Bundibugyo. Mgonjwa wa selimundu huweza kuishi na himoglobini ya 7 au 8 akaenda shule na kucheza. Nesi mgeni akiona 7 anashtuka. Mwenye uzoefu anauliza, "Siku akiwa mzima, damu yake huwa ngapi?" Ukiipandisha kupita kiasi, damu huwa nzito na kuziba mishipa. Na kila mfuko una chuma ndani yake, wastani wa miligramu 200 na zaidi, ambacho mwili hauna njia ya kukitoa. Mifuko mingi kwa miaka mingi huharibu ini na moyo.

Damu ikiisha, vipimo vyote huchukuliwa tena, saa huandikwa, na mfuko mtupu hautupwi siku hiyo. Maabara inaweza kuuhitaji, maana athari nyingine huchelewa. Kwa hiyo mama anapofunga virago vyake siku ya kuruhusiwa, nesi humwambia hivi: "Mama, wiki hii na ijayo mwangalie macho na mkojo. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukawa mweusi, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo na karatasi hii, useme alitundikiwa damu."