Chawa wa kichwani: mafuta ya shea, kitana na siku kumi na nne

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 7, kichwa kimefungwa leso. Kabla sijaifungua, harufu ya mafuta ya taa ilinifikia. Nyuma ya masikio na shingoni ngozi ilikuwa imebabuka, inatoa maji. "Sista, jirani aliniambia chawa watakufa usiku mmoja," mama akasema. Nikapitisha kitana utosini, mahali ambapo ngozi ilikuwa nzima. Wakatoka chawa wawili, wazima, wanatembea.

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kila likizo ndefu ya mwisho wa mwaka naona kesi za namna hii. Shule zikifunguliwa wasichana wengi hunyoa, basi chawa hana pa kushika. Likizoni nywele zinaota, binamu wanalala wanne kitanda kimoja, na anayesukwa analaza kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Hapo ndipo chawa anapohama. Haruki wala hana mabawa, anatembea tu kutoka unywele mmoja hadi mwingine, na kichwa kisafi anakipenda sawasawa na kichafu. Kwa hiyo mama, usione haya kuja.

Tuanze na mayai, maana ndiyo yanayotushinda. Chawa jike hutaga hadi mayai 8 kwa siku, akiyagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Anayetoka ni mdogo, bado hawezi kutaga, na anahitaji siku 9 hadi 12 hivi ili akomae. Ukipaka dawa yako ya nyumbani mara moja, hata ikiua wakubwa wote, mayai yamebaki, na wiki ijayo utasema dawa haifai. Lakini ukimtoa kila anayeanguliwa kabla hajakomaa, ukoo umekatika.

Wengi wananiuliza mafuta gani yanaua. Chawa anaweza kuziba matundu yake ya kupumulia akakaa saa kadhaa bila hewa, ndiyo maana kumtumbukiza mtoto kwenye beseni la maji hakusaidii kitu. Mafuta ya kula, ya nazi, au haya ya shea, yanayotoka kwenye kokwa za mti wa shea, tunayoletewa sokoni, mimi siyategemei kuua. Nayategemea kumfanya chawa awe mzito na kitana kiteleze. Shea ya huku kwetu ni laini, inayeyuka kiganjani, na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Kaeni nje asubuhi penye mwanga. Fumua nywele zote zilizosukwa, mtandike mtoto kitambaa cheupe mabegani. Paka mafuta mengi kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, chana kwanza kwa chanuo kubwa, kisha gawa nywele mafungu madogo madogo. Sasa chukua kitana chenye meno yaliyobanana. Kiguse ngozi, kivute taratibu hadi mwisho wa unywele, kisha kifute kwenye kitambaa. Angalia kila unapofuta: chawa mkubwa ni kama punje ya simsim, rangi ya kahawia, na miguu utaiona ikichezacheza ndani ya mafuta. Kichwa kimoja kinaweza kuchukua saa nzima. Rudia kila baada ya siku 3, kwa siku 14 angalau, na usiache mpaka umechana mara tatu mfululizo bila kupata kitu. Wote wanaolala na mtoto huyo nao wachanwe siku hiyo hiyo.

Nywele zikiwa ngumu mno kitana kisipite, nyoa, tena nyoa chini kabisa. Kupunguza tu hakusaidii, kwa sababu mayai yako chini.

Usichanganye mba na mayai ya chawa: ukipuliza au ukigusa kwa kidole, mba huanguka. Yai limeng'ang'ania, lazima ulivute kwa kucha. Na yai lililo zaidi ya sentimita moja kutoka kwenye ngozi kwa kawaida ni ganda tupu, maana unywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi.

Mafuta ya taa, tafadhali, hapana. Yanababua ngozi, yanashika moto karibu na jiko, na mtoto akiyavuta mapafuni anaweza kufa. Dawa ya kupuliza mbu nayo hapana, wala maji ya tumbaku, kwa sababu sumu yake hupenya kwenye ngozi. Maji ya majani ya mwarobaini hayana madhara makubwa kichwani, ila nguvu iko zaidi kwenye mbegu, na mafuta ya mbegu hizo yakinywewa na mtoto mdogo ni hatari. Nyumba usiipulizie chochote. Chawa akidondoka kutoka kichwani hufa ndani ya siku mbili. Fua mashuka kwa maji ya moto, anika juani, imetosha. Ukiona usaha, tezi za shingo zimevimba au homa, mlete mtoto kituoni.

Yule binti tulimsafisha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tukaviacha vidonda vipone, huku mama akichana utosini. Baada ya wiki tatu walirudi na kitambaa chao. Kulikuwa na doa moja jeupe. Mama akaliinamia, akalipuliza, likaruka.