Hiroglifi hazikuwa picha tupu

Imani kwamba hiroglifi, yaani alama za maandishi za Misri ya kale, ni mafumbo ya picha, yaani ukiona bundi basi habari ni ya bundi, ni ya siku nyingi, na si sahihi. Zipo alama zinazosimamia neno zima, kama duara la jua, lakini nyingi huwakilisha sauti. Bundi ni m, mdomo ni r, mawimbi ya maji ni n.

Tazama bata. Neno la bata na neno la mwana wa kiume yalikuwa na konsonanti karibu zilezile, na irabu hazikuandikwa. Kwa hiyo mwandishi alichora bata akimaanisha mwana. Aliweza kuongeza picha ya mwanamume aliyeketi, isiyotamkwa kabisa, ili msomaji ajue anayetajwa ni mtu. Kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa.

Katika karne ya 17 msomi Athanasius Kircher alizisoma kama ishara za hekima ya siri, na tafsiri zake zikawa ndoto tupu. Jiwe la Rosetta, lenye tangazo moja kwa hiroglifi, kwa mwandiko mwingine wa Kimisri na kwa Kigiriki, lilipatikana mwaka 1799, na mwaka 1822 Jean-François Champollion, aliyekijua vizuri Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale, akatangaza ufumbuzi wake. Alilinganisha majina ya watawala yaliyozungushiwa mstari: simba ni alama ya nne katika jina la Ptolemaios na ya pili katika Kleopatra, palepale inapotakiwa sauti l.