Pasipoti Inaisha na Likizo ni Fupi: Yanayosemwa Mtaani na Yaliyo Kweli

Mkenya anayefanya kazi Riyadh, Doha au Dubai akipata likizo, akili yake huwa kwa wazazi, watoto na ile ploti aliyoanza kuilipia. Pasipoti huikumbuka siku zikiwa zimeyoyoma. Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande: shangazi ana mtu wake Nyayo House, makao makuu ya Uhamiaji Nairobi, jirani alimaliza kwa siku mbili, kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, anasema tuma elfu tano na usijali. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa kweli enzi za fomu za karatasi, mengine hayajawahi kuwa kweli hata siku moja. Na karibu yote yanazungumzia dirisha la Uhamiaji peke yake, ilhali saa inayokukimbiza iko kule unakorudi kazini.

"Bado ina miezi, nitaishughulikia nikifika nyumbani"

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, hasa walioko Saudia. Ili mwajiri akutolee viza ya kutoka na kurudi kupitia Absher au Muqeem, mifumo ya mtandaoni ya Saudia, Jawazat, yaani idara ya pasipoti ya huko, hutaka pasipoti yako iwe na uhai wa siku 90 angalau. Kwa hiyo anayetegemea kuifanya upya akiwa nyumbani anaweza kukwama huko huko, mizigo ikiwa imefungwa na zawadi zimenunuliwa. Ikiwa imebaki miezi miwili, safari yako ya kwanza ni ya ubalozini.

Na ubalozini nako si rahisi kama inavyosikika. Pasipoti ya sasa ya Kenya ina chipu, na haitoki bila alama za vidole na picha inayopigwa papo hapo. Si kila ubalozi wa Kenya una mitambo hiyo, na miji mingine husubiri maofisa watumwe kwa siku chache kuwahudumia watu. Ndiyo maana wengi huona bora wangoje likizo, na si uamuzi mbaya, mradi hesabu ya miezi ifanywe mapema. Tazama tarehe ya mwisho kabla ya kumwomba bosi likizo.

Kuna pia kanuni ya miezi sita inayotajwa kila mahali. Inamgusa zaidi anayeingia nchi kwa viza mpya, mathalani aliyemaliza mkataba na anarudi kwa mwajiri mwingine. Aliye na ikama hai, yaani kibali cha ukaazi, anaweza kukuta masharti tofauti, lakini karani wa shirika la ndege pale uwanja wa JKIA ndiye atakayeamua upande au usipande, naye hafanyi mjadala na foleni ikiwa nyuma yako. Uliza shirika lenyewe kabla ya kukata tiketi.

Jambo moja halijasemwa vya kutosha. Kenya ilianza kutoa pasipoti za chipu Septemba 2017, na za watu wazima hudumu miaka 10. Zile za kwanza kabisa zinaisha kuanzia Septemba 2027. Ukitoa miezi sita, wenye nazo wataanza kumiminika ofisini mapema mwaka huo. Kama yako ni ya kundi hilo na una likizo kabla ya hapo, tumia likizo hiyo kuibadilisha.

"Ya zamani bado haijafika tarehe, kwa hiyo inafaa"

Haifai. Pasipoti zisizo na chipu zilisitishwa baada ya muda wa mwisho kusogezwa mara kadhaa, na tarehe ya mwisho ya mwisho ikawa 30 Novemba 2022. Tarehe iliyochapwa ndani haiokoi kitu.

"Kuifanya upya ni kuongezewa miaka tu"

Hakuna muhuri wa kuongeza miaka. Unapewa kitabu kipya chenye namba mpya, na namba hiyo ndiyo chanzo cha kazi nyingine nitakayoieleza chini.

"Ombi ni la mtandaoni, ndugu yangu atanimalizia"

Nusu ya hili ni kweli, na ni nusu tamu. Ombi hujazwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na hakuna kinachokuzuia kulijaza ukiwa bado Jeddah, usiku baada ya kazi. Ada hulipwa hapo hapo. Tangu 2024 pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, ya kurasa 50 ni 9,500, na ya kurasa 66 ni 12,500, mbali na ada ndogo ya mtandao wenyewe. Ndugu yako anaweza kukulipia kwa M-Pesa. Namba ya malipo ya serikali ni moja, 222222, na yeyote anayekupa namba ya simu ya mtu ili "utume huko" anakuibia.

Kurasa ngapi? Kwa anayekwenda na kurudi mara moja kila miaka miwili, 34 zinatosha na kubaki. Mihuri ya Ghuba imepungua sana. Umoja wa Falme za Kiarabu uliacha kubandika viza ya ukaazi ndani ya pasipoti tangu 2022, na kitambulisho cha Emirates ndicho kinachotambulika. Kulipia kurasa 66 ni ufahari tu, isipokuwa wewe ni dereva wa malori ya Kampala na Juba, au mfanyabiashara wa Guangzhou.

Nusu ya pili ndiyo ngumu: vidole ni vyako. Siku ya miadi lazima ufike mwenyewe, na kitambulisho chako halisi, pasipoti ya zamani na karatasi ulizochapisha kutoka eCitizen. Ndugu hawezi kukuwakilisha hapo, wala ajenti, wala yule kijana wa saiba. Basi kilicho busara ni kujaza na kulipa ukiwa kazini, kisha kuchagua miadi inayoangukia siku za mwanzo za likizo. Anayefika nyumbani Jumatatu akaanza kutafuta nenosiri la eCitizen wiki inayofuata amekwisha kujinyima siku ambazo pasipoti ingekuwa tayari inashughulikiwa.

Na hilo nenosiri lina hadithi yake. Akaunti nyingi za eCitizen zilifunguliwa kwa laini ya Kenya, na ujumbe wa siri wa kuingilia huenda kwenye laini hiyo. Ukikaa Ghuba miaka bila kuitumia, kampuni ya simu inaweza kuifunga na hata kumpa mtu mwingine. Ombi lako litakwama kwa sababu mtu usiyemjua huko Kakamega anapokea namba zako za siri. Kabla ya kuondoka Kenya, mwachie mama laini hiyo kwenye simu ya mulika mwizi na umwambie aitie salio mara kwa mara. Ukiwa umeshachelewa, badilisha namba ya akaunti kwanza, ndipo uombe. Taarifa kwamba pasipoti iko tayari nayo huja kwa ujumbe wa simu.

Kuna watu husema lazima pia uwe na cheti cha tabia njema. Hicho hutakiwa na waajiri na maajenti, nacho hutolewa na idara ya upelelezi, DCI. Hakihusiani na kubadilisha pasipoti.

"Ni Nyayo House tu, na bila mtu wa ndani hutoki"

Mtu wa Kwale au Lamu hana haja ya kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Mombasa kuna ofisi, Kisumu ipo, Eldoret ipo, na vilevile Nakuru, Kisii na Embu. Unachagua kituo wakati wa kuomba, na kwa kawaida unakochukuliwa vidole ndiko unakochukulia kitabu. Chagua kilicho karibu na utakakokaa likizo, hata kama kitambulisho chako kinasema umezaliwa kwingine.

Habari ya mtu wa ndani ina asili yake, na si haki kujifanya haina. Mwaka 2023 mashine za kuchapisha pale Nyayo House zilikuwa mbovu, maombi yakarundikana kwa makumi ya maelfu, na watu wakapoteza kazi wakisubiri. Mabroka walinenepa. Kithure Kindiki, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani wakati huo, alifika pale mwenyewe, mashine mpya zikanunuliwa, na baadhi ya maofisa na mabroka wakakamatwa. Tangu wakati huo mrundikano umepungua sana. Lakini hofu ya mwaka ule haijaisha, na broka anaishi kwa hofu hiyo.

Tazama anachokuuzia. Fomu unaijaza mwenyewe bure. Vidole hawezi kukutolea. Kinachobaki ni ahadi ya "kusukuma faili", na huna njia ya kujua kama faili lilisukumwa au lilitembea lenyewe kwa mwendo wake wa kawaida. Pesa yake ni ile ile, lisukumwe lisisukumwe. Ukiwa na haraka ya kweli, beba ushahidi: tiketi yenye tarehe, viza ya kurudi, barua ya mwajiri. Viweke mezani siku ya vidole na uombe msaada kwa sauti ya kawaida. Hakuna anayelazimika kukukubalia, lakini angalau unamwomba mwenye uwezo wa kukusaidia.

"Mwajiri ndiye aliyenishikia pasipoti, nitasema imepotea"

Hili husikika zaidi kwa wafanyakazi wa nyumbani, makadama kama wanavyojiita, na hasa waliotoroka nyumba mbaya wakarudi Kenya kwa hati ya dharura ya ubalozi. Nawaelewa. Lakini pasipoti iliyozuiwa na pasipoti iliyopotea ni mambo mawili, na ukisema uongo hapo wa kuumia ni wewe.

Kutangaza imepotea kunadai taarifa ya polisi na kiapo, na ada yake ni kubwa kuliko ya kawaida, tena kwa mbali. Namba hiyo hufutwa. Interpol ina hifadhi ya hati za kusafiria zilizoibwa na zilizopotea, iliyoanzishwa 2002, ambayo nchi huingiza namba za namna hiyo. Siku kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, atakapokurudishia kitabu chako na ukajaribu kukitumia uwanja wa ndege, utageuka mtuhumiwa kwa hati yako mwenyewe.

Sema ilivyo: imezuiwa na fulani, mji fulani. Uandike kwenye maelezo yako, na nakala ya hati ya dharura uiambatishe. Na ujue kwamba anayeizuia hana haki hiyo. Sheria namba 21 ya Qatar ya mwaka 2015 inampiga faini ya hadi riyali 25,000 mwajiri anayeshikilia pasipoti ya mfanyakazi. Falme za Kiarabu zimepiga marufuku jambo hilo hilo katika sheria yao ya kazi ya 2021. Isitoshe, kitabu chenyewe ni mali ya Serikali ya Kenya. Si chako wa kukiweka rehani, sembuse kafili.

"Ikichelewa, nitasafiri na hati ya muda"

Hati ya muda ya Kenya ni ya majirani, ya kwenda Arusha au Kampala. Hati ya dharura nayo ni ya kumrudisha mtu nyumbani kutoka nje. Hakuna kati ya hizo itakayokupeleka Dammam.

Pasipoti ikichelewa kweli, dawa iko kwa mwajiri. Saudia humruhusu mwajiri kuongeza muda wa viza ya kurudi kwenye mfumo ukiwa nje ya nchi, kwa ada, mradi ikama bado hai. Mpigie kabla viza haijaisha. Ikishaisha mazungumzo huwa mengine. Aliye Dubai naye ahesabu miezi sita: ukaazi wa kawaida hufutika ukikaa nje kupita hapo.

"Nibadilishe na jina kabisa, maadamu niko hapa"

Bi harusi wa Desemba, nakusikia. Lakini ikama yako, akaunti yako ya benki kule na tiketi ya kurudi vyote vina jina la zamani. Ukitua na jina ambalo mfumo wa Jawazat haulijui, wewe ndiye utakayebaki pembeni ya dirisha ukisubiri mwajiri apokee simu. Chukua pasipoti mpya kwa jina lile lile, herufi kwa herufi, hata kama karani wa miaka ile alikosea akaandika Mohamed kwa "m" moja. Harusi haiendi popote. Jina libadilishwe mkataba ukiisha.

"Nikipata mpya, ya zamani sina kazi nayo"

Una kazi nayo sana. Ofisi ikishaibatilisha, omba urudishiwe ikiwa ina viza inayoishi, kisha safiri na zote mbili. Viza ya Marekani iliyo ndani ya kitabu cha zamani huendelea kufaa hadi tarehe yake, ukiionyesha pamoja na kipya. Kwa Saudia, zote mbili mkononi humsaidia ofisa kuona kwamba mwenye ikama ya namba ile ndiye mwenye kitabu hiki.

Kwa wauguzi walioko Uingereza mambo yamegeuka. Kadi za ukaazi zilifikia mwisho 31 Desemba 2024, na sasa hali yako iko kwenye akaunti ya mtandaoni ya UKVI, idara ya viza ya huko, iliyounganishwa na namba ya pasipoti. Usipoingiza namba mpya kabla ya kwenda JKIA, shirika la ndege likiulizia mfumo linaweza lisikuone.

Aliye Ghuba ampelekee mwajiri picha ya ukurasa wa mbele wa kitabu kipya siku ile ile anapokichukua, na akifika amhimize aingize namba mpya Jawazat. Waajiri wengi huliacha hilo hadi ikama inapotaka kuhuishwa, na hapo ndipo wanapogundua kwamba namba haifanani.