Pangaboi Lililoganda: Dhana Potofu Kuhusu Kupiga Picha Ndege za Zamani

Tanga si mji wa maonyesho ya ndege, na wengi wetu huku tumejifunzia kazi hii kwenye ndege ndogo za abiria zinazokwenda Unguja na Pemba. Hata hivyo ndege za kale hupita karibu kuliko tunavyodhani: mwaka 2016 msafara wa ndege za mabawa mawili ulitoka kisiwa cha Krete ukaelekea Afrika Kusini, ukipitia Tanzania. Anayepata bahati ya kusimama mbele ya ndege kama hizo, hapa au ughaibuni, mara nyingi huangushwa na mambo aliyoambiwa na wenzake kwa nia njema.

Dhana iliyozagaa kuliko zote, ambayo hata mimi niliishikilia kwa muda mrefu, ni kwamba ndege ikienda mbio, basi kilango cha kamera, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, nacho kiwekwe kwenye kasi kubwa kabisa, kifunguke kwa muda mfupi mno. Kwa ndege ya jeti ushauri huo unafaa, na sekunde 1/1000 haina ubaya wowote. Kwa ndege ya pangaboi ndio unaoharibu picha. Chukua DC-3, ndege ya abiria ya injini mbili iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1935: pangaboi lake likizunguka mara 1,200 kwa dakika, huwa ni mizunguko 20 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda wa sekunde 1/2000 kila panga husogea chini ya nyuzi 4. Pichani litaonekana limeganda, na ndege nzima itafanana na kitu cha kuchezea kilichotundikwa kwa uzi. Ukishuka hadi 1/125, panga lile lile husogea nyuzi 58 hivi, karibu nusu ya nafasi iliyopo kati ya panga na panga kwenye pangaboi la mapanga matatu, na hapo jicho huona mzunguko. Helikopta ni ngumu zaidi, kwa sababu mapanga yake makubwa huzunguka taratibu, na mara nyingi hulazimu kushuka hadi 1/60.

Gharama ya kasi hiyo ndogo ni kwamba mkono ukiyumba kidogo tu, ndege yenyewe hutoka na ukungu. Dawa yake si stendi ya miguu mitatu, ambayo huzuia kuifuata ndege angani, bali ni kupanua miguu, kugeuka kuanzia kiunoni, na kuendelea kugeuka hata baada ya kubonyeza. Zoezi hili halihitaji ndege: bodaboda zinazopita Raskazone jioni zinatosha kabisa, ingawa waendeshaji watakuuliza unawapigia nini picha. Ukipata tatu safi katika kumi, umefanya vizuri.

Wenye simu nao wana dhana yao. Picha ikionyesha panga limepinda kama ndizi, au limekatika na kuelea mbali na pua ya ndege, husema simu imeharibika. Simu ni nzima. Simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa mkupuo, na kabla mstari wa mwisho haujasomwa panga limeshahama. Kamera yenye kilango cha kimakanika hupunguza sana kasoro hiyo.

Kuhusu lenzi ndefu nitasema machache. Wengi huamini kuwa lenzi kubwa hushinda umbali wowote, lakini saa saba mchana, joto linapofuka juu ya lami ya njia ya kurukia, hewa yenyewe hucheza, na lenzi huikuza michezo hiyo pamoja na ndege. Fika asubuhi, au sogea karibu kadiri wenye uwanja wanavyokuruhusu. Na anga letu la pwani likiwa jeupe kwa unyevu, usiiachie kamera iamue mwanga peke yake, maana itaigeuza ndege kuwa kivuli cheusi; ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, yaani maradufu.

Dhana ya mwisho ni kwamba moshi ni dalili ya hitilafu, hivyo watu hushusha kamera injini inapokohoa. Injini za kale ambazo silinda zake zimepangwa duara, kama zile za DC-3, zikisimama kwa muda, mafuta ya kulainisha injini huchuruzika na kukusanyika kwenye silinda za chini; zikiwashwa, mafuta hayo huungua na kutoa wingu la moshi. Huchukua sekunde chache tu. Mara nyingi fundi husimama pembeni na mtungi wa kuzimia moto kabla ya rubani kuwasha, na ukimwona amesimama hapo, kamera iwe tayari imeshafika jichoni.