Boda sio kitanda, kaka

Juzi tena. Kuli wa Kariakoo, miaka 40 na kitu, kabeba lumbesa tangu kijana, mgongo umegoma, ndugu wakachanga wakamnunulia pikipiki "ili mgongo upumzike". Miezi minne tu kaletwa kwangu kwenye mazoezi ya viungo, anatembea kama ana gunia ambalo halipo. "Dokta, mbona saivi sibebi kitu na ndo unazidi kuuma?"

Kuacha lumbesa kaacha vizuri, hapo sibishani. Linaloniudhi ni hilo neno kupumzika. Kwenye boda unakaa tangu alfajiri, umejikunja, injini inatetema, kila shimo linakupiga kiuno kutokea chini, na mtetemo unajulikana kabisa kwa kuwaumiza madereva migongo, sasa mapumziko yako wapi hapo? Umebadilisha mzigo tu. Afu disiki, vile vimito laini katikati ya pingili za uti wa mgongo, kwa mtu mzima karibu zote hazina mishipa ya damu, zinalishwa na kujongea, unainama unanyooka maji yanaingia na kutoka kama sponji, we umekaa tuli kijiweni unasubiri abiria, misuli iliyokuwa inanyanyua gunia inanyauka, na ugali unapiga uleule wa ukuli. Kitambi mbele, nyuma hamna kitu, kiuno kifanyeje?

Ila niwe mkweli. Chuoni tulikaririshwa kwamba kukaa kunabana disiki kuliko kusimama, ilitokana na vipimo vya daktari wa mifupa Nachemson wa Sweden miaka ya 60. Mwaka 1999 Wilke na wenzake kule Ujerumani wakaingiza kipimo kwenye disiki ya mtu mmoja, mmoja tu jamani, wakakuta akikaa kwa kujiachia mbano hauzidi ule wa akisimama. Kwa hiyo nikikufokea "kaa vizuri!" moyoni nasitasita, nahisi ubaya sio mkao, ni kuganda kwenye mkao mmoja mpaka jioni. Na MRI, ile picha ya ndani ya mwili, usiniletee kama hukumu ya mahakama, wapo kibao disiki zimetuna na hawaumwi popote.

Miguu ikifa ganzi au mkojo hauzuiliki, acha kusoma, kimbia hospitali.

Yule kuli sikumwambia auze boda. Nimemwambia akisubiri abiria ashuke atembee, na asubuhi anyanyue ndoo ya maji mara kumi, akiongeza taratibu kila wiki. Kacheka mpaka kashika kiuno. "Yani dokta nimekimbia gunia unanirudisha kwenye ndoo?"

Ndiyo. Nusu ndoo kwanza.