Seva ya kupitishia barua pepe ni nini, na kwa nini seva ya nyumbani huihitaji

Mwenye laini yenye anwani ya IP ya umma anaweza kusimika seva yake ya barua pepe nyumbani, hata kwenye kompyuta kuukuu isiyo na kazi nyingine, na jioni hiyohiyo ikaanza kupokea barua za kikoa chake, yaani jina lake la intaneti kama example.net. Kupokea hakusumbui. Kasheshe ni kutuma. Barua inaondoka, dakika hiyohiyo inarudi na msimbo 550, yaani imekataliwa, au mbaya zaidi hairudi kabisa: imetupwa kwenye folda ya barua taka ya mtu asiyejua kwamba ameandikiwa.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Seva ya nyumbani haiendi yenyewe kugonga mlango wa kila mpokeaji. Barua zote zinazotoka hukabidhiwa seva moja ya mtoa huduma wa intaneti, au ya kampuni inayofanya kazi hiyo, nayo ndiyo huzisambaza duniani. Hiyo ndiyo seva ya kupitishia. Watumiaji wa Postfix, mojawapo ya programu za seva ya barua pepe, wanaijua kwa jina la mpangilio wake, relayhost; wa Exim na Sendmail, programu nyingine za aina hiyo, huiita smarthost. Barua zinazoingia hazihusiki hapa, zinaendelea kuja moja kwa moja kwako.

Kwa nini imefika hapo? SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, iliandikwa mwaka 1982, na utaratibu wake wa msingi haudai nywila. Seva inayotuma huuliza DNS, daftari la majina ya intaneti, ni mashine gani inapokea barua za kikoa fulani, inaunganika nayo kwenye poti 25 (poti ni mlango wenye namba ambao programu husikiliza), inaacha barua, inaondoka. Enzi hizo seva ilikuwa tayari hata kumpitishia barua mtu isiyemjua, kama uungwana tu. Katika miaka ya 1990 watumaji wa barua taka waliutumia uungwana huo mpaka ukaisha. Seva zikafungwa zisipitishe barua za wageni. Watumaji hao wakahamia kwenye kompyuta za majumbani zilizoingiwa na virusi, kila moja ikimwaga barua taka kupitia poti 25 mwenyewe akiwa hana habari. Watoa huduma wengi wakajibu kwa kuifunga poti hiyo kwa wateja wa nyumbani.

Hata kama kwako haijafungwa, anwani yako ya IP ina hadhi ndogo. Shirika la Spamhaus lina orodha iitwayo PBL, ya anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, na seva nyingi huiangalia kabla ya kupokea chochote. Kuwemo humo si tuhuma. Mara nyingi mtoa huduma mwenyewe ndiye aliyeziandikisha anwani za wateja wake. Kuna pia suala la PTR, rekodi ya DNS inayoigeuza namba ya IP kuwa jina. Gmail inaidai kwa kila anayetuma, na anayeweza kuiandika ni mwenye anwani, yaani mtoa huduma, si wewe unayeitumia. Kwenye laini nyingi za simu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mteja hana hata anwani ya umma ya peke yake. Ukiona ruta yako imepewa namba inayoanza na 100.64, ujue mnatumia mlango mmoja wa kutokea na wateja wengine usiowajua.

Kwa Mtanzania aliyewahi kwenda kufungua akaunti ya benki akaambiwa alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, jambo hili halina ugeni. Benki haikujui, ila inamjua mwenyekiti wa mtaa na mhuri wake. Seva ya kupitishia ndiyo huo mhuri: ina anwani ya IP ya kudumu, ina PTR sahihi, na ina historia ya kutuma barua ambazo watu walizitaka.

Ili akubali kukupitishia, mtoa huduma lazima akutambue. Zamani ilitosha kuwa ndani ya mtandao wake: IP ni ya mteja wetu, pita. Wapo ambao bado wanafanya hivyo, na kasoro yake utaiona siku utakapobadilisha laini, barua zote zitakapokwama kwenye foleni. Njia nzuri ni jina na nywila kupitia poti 587, iliyotengwa mwaka 1998 kwa ajili ya wateja wanaokabidhi barua, au poti 465, ambayo mawasiliano yake husimbwa tangu mwanzo. Poti hizi mbili kwa kawaida hazizuiwi.

Kwenye Postfix mambo yenyewe ni mistari michache ndani ya main.cf, faili lake la mipangilio (jina la seva hapa ni la mfano):

relayhost = [smtp.example.net]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt

Mabano ya mraba si mapambo. Bila hayo Postfix itatafuta seva *inayopokea* barua za jina hilo, na unaweza kujikuta unabisha hodi kwenye mashine isiyohusika. Faili ya nywila, sasl_passwd, ifungwe isisomwe na mtu mwingine zaidi ya root, mtumiaji mkuu wa mashine, kisha iendeshewe amri ya postmap, inayoigeuza kuwa jedwali ambalo Postfix hulisoma. Na mynetworks, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupitisha barua kwenye seva yako, iwe finyu. Ukiipanua ovyo, seva yako itageuka kuwa njia ya kila mpita njia, na barua taka zao zitatoka kwa jina la akaunti yako.

Sehemu inayowapiga chenga wengi ni SPF. Hii ni rekodi ya DNS ambamo mwenye kikoa hutaja ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lake. Mpokeaji sasa haioni IP ya nyumbani kwako, anaiona ya mtoa huduma. Kama rekodi yako bado inaitaja ya nyumbani peke yake, umemtuma tarishi ambaye kikoa chako chenyewe kinamkana. Ongeza include ya mtoa huduma, yaani neno linaloziingiza seva zake kwenye rekodi yako, kama alivyoielekeza. DKIM ni afadhali zaidi, kwa maoni yangu ndiyo ya kushughulikia kwanza: seva yako inaitia barua saini kabla ya kuikabidhi, na saini hiyo husafiri nayo hadi mwisho mradi anayepitisha asiguse maandishi. DMARC, kanuni ambayo mpokeaji huitumia kukagua uhalali wa mtumaji, hutosheka ikiwa mojawapo ya hizo mbili imefaulu na kikoa chake kinaoana na kile kilichoandikwa kwenye From, anwani ya mtumaji anayoiona msomaji. Kabla hujalipia huduma yoyote, uliza kama wanaruhusu From ya kikoa chako. Wapo wanaokataa anwani isiyo yao, na wapo wanaoibadilisha kimyakimya.

Kuna unachopoteza. Logi yako, yaani kumbukumbu za kazi za seva, ikisema status=sent, maana yake ni kwamba mtoa huduma ameipokea barua; yaliyofuata yako kwenye logi zake. Atakuwekea kikomo cha idadi ya barua, na tovuti moja ya WordPress iliyodukuliwa kwenye mashine hiyohiyo inaweza kukimaliza usiku mmoja, akaunti ikafungwa. Jirani yenu kwenye IP ya kutokea akiharibu, nanyi mtanuka. Tena, usimbaji wa TLS, ule wa mawasiliano yenyewe, hulinda kipande cha njia kati ya seva na seva, si safari nzima, kwa hiyo anayepitisha anaweza kusoma barua isiyofungwa kwa PGP, njia ya kusimba barua yenyewe, au mfano wake.

Wapo wanaosema seva binafsi inayotegemea kampuni kutuma barua si binafsi tena. Sikubaliani nao. Masanduku ya barua, kumbukumbu za miaka yote, anwani na vichujio vyote vimebaki kwako, na siku mkikosana na kampuni unabadilisha mstari mmoja, nywila, na rekodi ya SPF. Isitoshe, kukimbilia seva ya kukodi si lazima kukuokoe: Google Cloud kwa kawaida huzuia poti 25 ya kutokea, na Amazon EC2 huizuia mpaka uombe ifunguliwe.

Ukishamaliza, jitumie barua kwenye Gmail na ufungue chanzo chake. Tafuta spf=pass na dkim=pass, kisha soma mistari ya Received, ambayo kila seva iliyopitiwa huongeza wake, kutoka chini kwenda juu: huanza na seva yako, anafuata mtoa huduma, juu kabisa ni Google. Usishtuke ukiikuta humo IP ya nyumbani kwako. Ule mstari ulioandikwa na seva yako unaweza kuufuta kwa header_checks, kanuni za Postfix za kukagua vichwa vya barua, lakini ule wa mtoa huduma huandikwa baada ya barua kukutoka mikononi, na kama hauondoi mwenyewe, kila unayemwandikia anaweza kuisoma IP hiyo.