Hoteli za Wachina na Wahindi Nairobi hupika paka na mbwa? Maswali na majibu

Nikienda mtaani kufundisha usafi wa chakula, iwe Umoja ama Kawangware, lazima kuna mtu atangoja wengine waondoke ndio aniulize kuhusu nyama ya kwa Wachina. Nimeweka hapa yale huulizwa sana. Hizi stori zinaumiza watu wawili, mwenye biashara anachafuliwa jina bure, na mteja anachunga mahali hatari haiko akiacha mahali iko.

Ni ukweli mbwa wa mtaa walipungua Wachina walipokuja kujenga Thika Road?

Hii nimeiskia tangu siku za ile ujenzi, na kila anayeniambia aliiskia kwa mwingine, bado sijapata wa kuniambia "mimi niliona kwa macho yangu". Kuna sehemu za China na Korea Kusini watu hula mbwa, hiyo siwezi kataa, lakini wengi wao hawali, na sheria zinazidi kukaza. Mji wa Shenzhen ulipiga marufuku nyama ya mbwa na paka kuanzia Mei 2020, na Korea Kusini ilipitisha sheria Januari 2024 ya kumaliza hiyo biashara ifikapo 2027. Tena huko inakoliwa inauzwa kwa jina lake na wateja wake wanaitafuta, haifichwi ndani ya kuku. Sasa fikiria mtu ako na hoteli Hurlingham, kuku wa broila analetewa mlangoni ameshachinjwa na kunyonyolewa, atoke usiku ashike mbwa mkali, amchinje kwa siri, amchune, apate kilo chache tu za nyama? Hesabu haiingii.

Na si Wachina peke yao wamesemwa hivi. Marekani karne ya 19 waliosemwa kuweka mbwa kwa soseji ni Wajerumani. Mgeni akifungua jikoni, watu wanashuku sufuria yake.

Ile kesi ya paka iliyotushtua kweli ilikuwa ya Nakuru 2018, jamaa alishikwa na nyama ya paka na akakubali amekuwa akiuzia watu wa sambusa, akafungwa. Hapo hakukuwa na hoteli ya Mwasia. Na huko Ulaya 2013 ilikuwa nyama ya farasi ndani ya baga na lazanya za supamaketi.

Basi mbona nyama ya kwa Wachina ni laini hivyo, hata haina nyuzi?

Hii ndio swali naipenda kwa sababu jibu unaweza lijaribu kwako leo jioni. Chukua nyama ya ng'ombe ya kawaida, ikate vipande vyembamba ukikatiza nyuzi, usifuate vile zimelala. Weka ute mweupe wa yai, konflawa kidogo, soya sosi na mafuta, wengine wanaongeza beking soda kijiko kidogo sana kwa nusu kilo. Ngoja dakika 20 ama 30, alafu pitisha kwa mafuta moto ama maji yanayochemka kwa muda mfupi kabla ya kukaanga na mboga. Konflawa na yai vinaivalisha nyama ngozi nyembamba ya kuteleza ambayo inazuia maji yasitoke, na beking soda inafanya protini za juu zisikazane zikipata moto, ni kama vile mama anaweka magadi kwa githeri ndio mahindi iive. Ndio maana ukiuma unahisi kitu laini, inateleza, haina ile kazi ya kutafuna tumezoea kwa nyama choma, na mtu ambaye hajawahi ona ikitengenezwa anaona ni lazima huyo ni mnyama mwingine.

Lakini mifupa niliiona, haikuwa ya kuku.

Sisi kuku tunamkata kwa viungo, paja peke yake, bawa peke yake. Mpishi wa Kichina anakata na kisu kizito moja kwa moja kupitia mfupa, kwa hivyo unapata vipande vya mfupa vimepasuka, ncha kali, uboho unaonekana katikati. Na broila akiwa mdogo alafu awekwe friza, damu ya kwa uboho inavuja inapenya mfupa, ukipika unageuka mweusi hadi nyama ya kando inakuwa na rangi ya zambarau. Mtu anaona hiyo anapiga picha anatuma kwa grupu. Bata naye ako na nyama nyeusi na mafuta mengi chini ya ngozi, kama hujazoea utadhani ni kitu ya ajabu.

Na hii tikka ya kuku ya hoteli za Wahindi Parklands, nyekundu hivyo?

Ni pilipili ya Kashmir, paprika, na mahali pengi rangi ya chakula. Sio damu. Angalia ndani karibu na mfupa, kama nyama bado ni mbichi na inateleza, irudishe.

Nikikula kwa Wachina kichwa inauma, si ni hiyo nyama?

Watu hulaumu MSG, ile unga ya kuongeza ladha. Hiyo ilitolewa kwa mwani huko Tokyo 1908 na profesa Kikunae Ikeda, na hofu ilianza 1968 baada ya daktari mmoja kuandikia jarida la Marekani barua akieleza vile alijiskia baada ya kula kwa Wachina. Watafiti walipojaribu bila kumwambia mtu amekula nini, hawakupata madhara yanayorudi kila mara, ingawa wachache wanaweza kuhisi kitu kidogo kwa muda wakitumia nyingi bila chakula. Glutamate, ile iko ndani ya MSG, iko kwa nyanya, na hata kwa maziwa ya mama. Hizi cubes nyingi za mchuzi tunazopika nazo nyumbani pia ziko na MSG. Mtu wa presha mimi ningemwambia achunge soya sosi, kijiko kimoja kikubwa kinaweza kuwa na sodiamu miligramu 900 hivi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe 2,000 kwa siku.

Nilikula fried rice nikatapika usiku mzima. Si hiyo ni ushahidi wa nyama mbaya?

Hapa ndio nataka msome polepole. Mara nyingi watu wanalaumu nyama na kumbe ni mchele. Kuna bakteria inaitwa Bacillus cereus, mbegu zake ziko kwa mchele mkavu na hazikufi ukichemsha. Ukipika wali alafu uuache kwa meza jikoni kuna joto, zile mbegu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu, na hiyo sumu ya kutapisha haiharibiki ukikaanga tena hata moto uwe aje. Uingereza miaka ya 1970 waligundua hii kwa fried rice, kwa sababu wapishi walikuwa wanaacha wali nje usiku, wali uliopoa hukaangika vizuri bila kushikana. Ukianza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, shuku hiyo kwanza. Na pilau ya harusi iliyokaa kwa sufuria tangu asubuhi, ama wali wako wa jana uliolala juu ya jiko, ni hatari ile ile. Wali upoe haraka kwa sinia pana, uingie friji ndani ya saa mbili.

Kunywa ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kidogo kidogo. Ukiona damu kwa choo, homa kali, mtoto macho yameingia ndani ama hakojoi, usingoje kukuche, enda hospitali.

Ikitokea kweli ni paka ama mbwa, nitagonjeka?

Nyama yenyewe ikiiva vizuri si sumu. Shida ni kwamba huyo mnyama hakuna mtu alimkagua. Labda alikuwa na kichaa cha mbwa, na hapo anayechinja ndiye yuko kwa hatari kubwa, ama labda alikufa kwa sumu, na sumu nyingi haziharibiki kwa moto.

Na hiyo shida ya nyama isiyokaguliwa iko kwa punda pia. Machinjio ya punda yenye leseni yalikuwa yanatafuta ngozi, inaenda China kutengeneza dawa ya ejiao. Serikali ikapiga marufuku Februari 2020, korti ikabatilisha 2021. Katikati ya hayo yote wenye punda wamelia kuibiwa, na polisi wameshika nyama ya punda ikiletwa Nairobi iuzwe kama ng'ombe. Ilikuwa inaelekea kwa bucha zetu, na mnunuzi anayetafuta paka kwa menyu ya Kichina hata hawezi kuiona.

Sasa niulize nini nikienda kula?

Usiulize ni mnyama gani, uliza nyama inatoka machinjio gani. Hoteli iliyo sawa inanunua nyama iliyogongwa muhuri wa mkaguzi, kuku wa risiti, na wafanyakazi wako na cheti cha afya kinachopimwa upya kila miezi sita. Angalia chakula kinakuja kikifuka moshi. Angalia kama nyama mbichi na saladi zinakatiwa ubao mmoja, hiyo peke yake imegonjesha watu wengi kuliko hii stori ya paka.

Ukiwa na shaka ya kweli, weka mabaki kwa mfuko safi, yaingie friji, andika saa uliyokula, shika risiti, upeleke kwa afisa wa afya ya umma wa sub-county yako. Nyama hata ikiwa imepikwa DNA yake inasomeka kwa maabara. Fanya hivyo kabla ya kutuma video, kwa sababu video ikishatoka na jina la hoteli, wafanyakazi ambao wengi ni watoto wetu wa hapa wanakosa kazi kabla majibu ya maabara hayajarudi.